Mgeni wa Pwani Asiyepiga Hodi

Msikilizaji, bua la mahindi likipasuliwa kwa kisu kuanzia chini kwenda juu huwa na mengi ya kusema. Kule Kilifi au Kwale, mahindi ya masika yakiwa yameanza kubeba, mkulima anayekuta tundu dogo kwenye bua na unga wa rangi ya manjano umemwagika penye ala ya jani hahitaji kuambiwa na mtu kuna nini. Analikata bua, analipasua, na ndani anamkuta mwenyewe: kiwavi wa rangi ya maziwa yaliyolala, mwenye safu za madoa ya kahawia mgongoni, amejilaza katika handaki alilolichimba kwa meno yake. Nyama laini ya bua ameimaliza, amebakiza ganda. Upepo wa kwanza wa nguvu utalilaza bua hilo chini pamoja na gunzi lake.

Huyo ndiye bungua wa mabua. Wapo wanaomwita funza wa mahindi, wapo wanaosema tu “mdudu.”

Ila mara nyingine kisu hufunua jambo jingine. Kiwavi yupo, lakini amenyauka na kusinyaa kama soksi iliyovuliwa. Pembeni yake kuna kichungu cha vitu vyeupe, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mchele, vimeshikamana kwa nyuzi laini mfano wa pamba. Ni rahisi sana kudhani kwamba hayo ni mayai ya kiwavi, na anayedhani hivyo huyaponda kwa kidole gumba, tena kwa hasira. Vile vyeupe si mayai. Ni vifuko vya hariri, na ndani ya kila kifuko amelala nyigu mchanga anayejiandaa kutoka kwenda kuwinda mabungua wengine.

Neno nyigu lenyewe lina mkosi. Mtu wa Pwani akilisikia humjia akilini yule wa chini ya paa, au dondora anayejenga kwa udongo ukutani, au mavu waliomfukuza utotoni kutoka mti wa mkwaju. Huyu wa mahindi hana habari na mtu. Urefu wake ni kama milimita tatu, mweusi, miguu ya manjano, na ule mwiba wake hautumii kwa ugomvi: ni mrija wa kutagia. Jina lake la kitaalamu ni Cotesia flavipes. Kiswahili bado hakijampa jina lake mwenyewe, na vitabu humtia katika kundi la nyigu wa kimelea, jina ambalo halimtoshi sawasawa. Kupe ni kimelea, mchango ni kimelea, na wote wawili wanamhitaji mwenyeji wao aendelee kuishi. Nyigu huyu mwenyeji wake lazima afe. Akibaki hai, basi kazi imeharibika.

Kisa chenyewe kinaanzia Asia. Bungua anayetawala mashamba ya joto ya Afrika Mashariki, Chilo partellus, si mwenyeji wa bara hili. Kwao ni Bara Hindi na nchi za jirani, na taarifa za kwanza za kuonekana kwake Afrika zilitoka Malawi mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kutoka hapo alisambaa nchi baada ya nchi, akipenda zaidi nyanda za chini zenye joto. Pwani ya Kenya alimkuta binamu yake wa kienyeji, Chilo orichalcociliellus, naye akamsukuma pembeni hadi siku hizi kumpata binamu huyo katika mahindi ni kazi. Mgeni alikuwa na haraka: hukua upesi, huzaa upesi, na bua moja likiwa na wote wawili, yeye ndiye humaliza mapema. Makadirio yaliyofanywa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalionyesha kwamba mabungua wa aina zote kwa pamoja walikuwa wakila karibu asilimia 13 ya mahindi ya nchi. Katika kila magunia manane, gunia moja liliishia tumboni mwa viwavi.

Kwa nini mdudu ambaye kwao Asia ni msumbufu wa kawaida aje kuwa janga huku? Sababu mojawapo ni kwamba alisafiri peke yake, na waliokuwa wakimla wakabaki nyumbani. Afrika Mashariki ilikuwa na nyigu wake, Cotesia sesamiae, ndugu wa karibu wa yule wa Asia, aliyezoea mabungua wa kienyeji. Alijaribu kumwinda na mgeni, lakini hakumudu kumpunguza vya kutosha. Basi wataalamu wakafikiri kama anavyofikiri mwenye nyumba aliyevamiwa na panya wa jirani: aende kwa jirani huyo huyo akaombe na paka.

Jaribio la kwanza halikufua dafu. Kati ya 1968 na 1972 aina kadhaa za nyigu na wadudu wenzao ziliagizwa kutoka Asia, zikaachiliwa Uganda, Kenya na Tanzania, na hakuna iliyoshika mizizi. Watu wengi wangefunga jalada hapo, na kwa kweli lilifungwa kwa karibu miaka 20.

Lilifunguliwa tena Nairobi, katika kituo cha ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, Mkenya aliyeamini kwamba Afrika haiwezi kuendelea kuagiza elimu ya wadudu wake kutoka nje. Kwa fedha za serikali ya Uholanzi na ushirikiano na chuo kikuu cha kilimo cha Wageningen, nyigu waliletwa kutoka Pakistan mwaka 1991. Hawakupelekwa shambani. Waliwekwa karantini, wakachunguzwa wasije wakawa wamebeba maradhi au vimelea vyao wenyewe, wakajaribiwa kwa viwavi wa aina mbalimbali ili ijulikane wanamtaka nani na nani hawamtaki.

Tahadhari hiyo ilikuwa na sababu. Mwaka 1906 Marekani ilimwingiza nzi mmoja wa Ulaya, Compsilura concinnata, ili apambane na nondo waliokuwa wakiumaliza msitu. Nzi yule hakuwa mchaguzi. Aliingia kwa viwavi wa aina nyingi kupita kiasi, na nondo wakubwa wa hariri wa kaskazini-mashariki mwa nchi hiyo, wasio na kosa lolote, wakawa miongoni mwa walioumia. Tangu hapo mtaalamu makini humpenda mdudu mwenye roho ya kuchagua, na akimwona anayekula kila kitu humrudisha alikotoka.

Mwaka 1993 nyigu wa Pakistan waliachiliwa katika mashamba machache ya Pwani ya Kenya.

Kisha pakawa kimya. Msimu baada ya msimu watafiti walirudi, wakapasua mabua kwa mamia, wakahesabu. Nyigu alipatikana, lakini kwa kubahatisha: kiwavi mmoja hapa, mwingine kule. Mwaka 1994 hivyo, 1995 hivyo, 1996 hivyo. Anayejua jinsi miradi inavyoendeshwa ataelewa uzito wa miaka hiyo. Kila mwaka ripoti huandikwa, kila mwaka mtoa fedha huuliza matokeo yako wapi, na mwenye mradi hana cha kuonyesha ila vifuko vichache vyeupe ndani ya chupa. Viuatilifu havina shida hiyo: vinapulizwa asubuhi na jioni wadudu wanaonekana wamelala chali. Kwa maoni ya mwandishi wa mazungumzo haya, sifa kubwa ya mradi ule ni kwamba hakuna aliyepoteza subira na kuufunga mwaka 1996.

Kuanzia 1997 hesabu zilipanda. Nyigu walikuwa wameshazaliana kiasi cha kutosha na kusambaa wenyewe, na kufikia mwisho wa muongo ule walikuwa wadudu wa kawaida katika mahindi ya Pwani. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2001 uliona kwamba wingi wa bungua yule wa Asia ulikuwa umepungua kwa takriban nusu. Hakwisha. Hakuna aliyeahidi kwamba atakwisha, kwa sababu nyigu akimaliza mabungua wote naye atakufa njaa. Wanachofanya wawili hao ni kuvutana, na kamba imesogea upande wa mkulima.

Nchi nyingine nazo zikawaomba nyigu hao: Msumbiji, Uganda, Somalia, Malawi, Zambia, Zimbabwe, na visiwa vya Zanzibar. Kaskazini mwa Tanzania alionekana amejikita tangu katikati ya miaka ya 1990. Ethiopia ndiyo kali zaidi. Huko hakuna aliyemwachilia, na bado mwaka 1999 alikutwa ndani ya mabua yao, ikadhaniwa amevuka mpaka kutoka Somalia. Nyigu wa milimita tatu hana paspoti. Miaka mingi baadaye wachumi walipopiga hesabu ya faida za programu hiyo kwa Kenya, Msumbiji na Zambia, walifikia dola bilioni 1.4.

Sasa tumtazame kwa karibu, maana hapo ndipo penye uhondo.

Nyigu jike akitoka katika kifuko chake ana siku chache tu za kuishi. Katika siku hizo lazima apate dume, apate kiwavi, na atage. Kiwavi mwenyewe amejificha ndani ya bua, hamwoni. Kinachomwongoza ni harufu. Mhindi ulioliwa hunuka tofauti na mhindi mzima, na ule unga unaomwagika nje ya tundu, ambao ni kinyesi cha kiwavi kilichochanganyika na makapi ya bua, kwake ni kama kibao cha mlangoni. Akiufikia, huupapasa kwa papasi zake kwa pupa, akizunguka huku na huku hadi alipate tundu. Kisha anaingia. Hapigi hodi.

Mle ndani ni kichochoro chembamba chenye giza, na mwenye nyumba ana meno. Kiwavi akishtuka hugeuka na kuuma, hutema mate, na nyigu wengi hufia humo humo bila kutaga hata yai moja. Anayefanikiwa humchoma kiwavi mara moja, sekunde chache tu, na katika sekunde hizo huingiza mayai kama 30 au 40. Kwa siku zipatazo kumi kiwavi huendelea kula kana kwamba hakuna lililotokea, naye huku analiwa kutoka ndani. Watoto wa nyigu wakishakua hutoboa ngozi karibu wakati mmoja, hutoka wote, na kila mmoja hujifuma kifuko chake palepale. Siku sita hivi baadaye hutoka nyigu wapya. Charles Darwin aliwafikiria wadudu wa namna hii mwaka 1860 akamwandikia rafiki yake wa Marekani kwamba ilimwia vigumu kuamini kuwa Mungu mwenye rehema angewaumba kwa makusudi walishe ndani ya viwavi walio hai. Darwin, hata hivyo, hakuwa na ekari mbili za mahindi.

Lipo swali ambalo msikilizaji makini ameshajiuliza. Mwili wowote ukiingiliwa na kitu kigeni hujikinga. Mwiba ukizama katika kidole, kidole huvimba na kutunga usaha. Mbona kiwavi hayaui mayai yale? Huyaua, akiweza. Seli za damu yake huyazingira mayai, huyafunika tabaka juu ya tabaka, hadi yanakosa hewa. Ili kuzuia hilo, nyigu huja na msaidizi: pamoja na mayai humdunga kiwavi virusi vinavyozalishwa katika ovari zake mwenyewe, na virusi hivyo huilemaza kinga ya kiwavi. Virusi hivyo havimdhuru nyigu. Vimekuwa sehemu ya urithi wake, kizazi hadi kizazi, kwa mamilioni ya miaka.

Hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu kwa anayedhani nyigu ni nyigu tu. Virusi hivyo ni kama ufunguo, na kila kiwavi ana kufuli lake. Nyanda za juu za Kenya, Kitale kwa mfano, bungua mkubwa si yule wa Asia bali ni Mwafrika halisi, Busseola fusca. Nyigu wa Pakistan akimchoma huyo, mayai yanazingirwa na kufa yote. Zaidi ya hapo, hata yule nyigu wetu wa kienyeji, Cotesia sesamiae, ana koo mbili zinazofanana kwa macho. Ukoo wa bara humweza Busseola. Ukoo wa Pwani hauwezi. Ukitaga ndani yake, kinga ya kiwavi inafanya kazi yake. Watafiti walipogundua hivyo, walichukua nyigu wa bara wakawapeleka milima ya Taita, ambako Busseola alikuwa akijila kwa raha, nao wakakubali. Mkulima wa Taita aliletewa msaada kutoka magharibi mwa nchi yake mwenyewe, safari ya siku moja kwa basi.

Na ukoo wa Pwani haukudharauliwa. Nyigu wa Mombasa walisafirishwa hadi Benin, Afrika Magharibi, kupambana na bungua wa waridi, Sesamia calamistis, baada ya ndugu zao wa nyanda za juu kushindwa na hali ya kule. Wa Mombasa waliona joto na unyevu wa Benin ni kama nyumbani, wakakaa.

Kuwafuga wadudu hawa ni kazi ya mikono na subira. Kwanza lazima kufuga viwavi, kwa sababu nyigu hakubali badala. Viwavi hulishwa uji mzito ulioganda, uliotengenezwa kwa unga wa majani ya mahindi, unga wa maharage, hamira na vitamini. Wakifikia ukubwa unaofaa, fundi wa maabara humshika kiwavi mmoja mmoja kwa kibano, humsogeza kwenye mdomo wa chupa yenye nyigu, na kusubiri. Nyigu akishachoma, kiwavi huwekwa pembeni, anashikwa mwingine. Hivyo kutwa nzima. Na kuna mtego: yai la nyigu lisilorutubishwa halifi, hutoa dume. Madume na majike yasipojamiiana vizuri, kwa sababu ya taa hafifu au msongamano, kizazi kinachofuata kinatoka madume matupu, na fundi anaamka asubuhi hana mbegu tena.

Nyigu, basi, humtafuta kiwavi kwa harufu ya mhindi. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani walieleza jambo ambalo lingewachekesha wazee: mmea ulioliwa ndio unaoita nyigu. Jani likikatwa kwa mkasi harufu haiwi ile. Jani likiguswa na mate ya kiwavi, mhindi mzima, hata majani ambayo hayajaliwa, huanza kutoa mchanganyiko wa harufu unaowavuta nyigu. Mwaka 1997 kemikali iliyomo katika mate ya kiwavi mmoja wa jamii ya viwavijeshi ikatambuliwa na kupewa jina, volisitini.

Huko Mbita, ukingoni mwa Ziwa Victoria, ICIPE ilikuwa na mambo yake. Zeyaur Khan na wenzake waliona kwamba nyasi za molasi, zikipandwa kati ya mistari ya mahindi, hutoa harufu ya aina hiyo bila kuliwa na yeyote. Ni kama mmea unaopiga kamsa kabla mwizi hajafika. Nyigu wa kienyeji walijaa shambani. Kutokana na uchunguzi wa namna hiyo ndipo ulipokua mtindo wa sukuma-vuta, unaofahamika sasa kwa maelfu ya wakulima wa Kenya magharibi na mkoa wa Mara: desmodiamu kati ya mahindi kuwafukuza nondo wa bungua na kukomesha gugu la kiduha, matete pembeni kuwavuta nondo hao.

Kinachouma ni hili. Mbegu za asili za wakulima wa eneo lile la ziwa, Nyamula na Jowi, zilipojaribiwa zilikutwa na uwezo wa kutoa harufu ya kuita nyigu mara tu nondo alipotaga mayai juu ya jani, kabla hata kiwavi hajaanguliwa. Mbegu za chotara zilizowekwa kando yake zilinyamaza. Kwa miongo mingi mbegu zimechaguliwa kwa ukubwa wa gunzi na wepesi wa kukomaa, na hakuna aliyekuwa akiuliza kama mmea bado unajua kuomba msaada. Bibi aliyekuwa akitunza gunzi la mbegu juu ya moshi wa jiko lake, na kukataa pakiti ya dukani, alikuwa na sababu ambayo hata yeye hakuwa na jina lake.

Halafu mwaka 2016 likaja balaa jipya. Kiwavijeshi vamizi, wa asili ya Amerika, aliripotiwa Afrika Magharibi mwezi Januari mwaka huo. Mwaka 2017 alikuwa Kenya na Tanzania. Nondo wake huruka hadi kilomita 100 kwa usiku mmoja, na jike moja huweza kutaga mayai zaidi ya 1,000, kwa mafungu, akiyafunika kwa manyoya yake kama mtu anayefunika maandazi kwa kitambaa. Watu walishikwa na hofu, na haki yao. Serikali ziligawa viuatilifu, mabomba ya kupulizia yakabebwa mgongoni bila barakoa wala glavu, na wasiokuwa na uwezo wa kununua wakamimina mchanga, majivu au maji ya sabuni katika moyo wa mhindi.

Dawa hizo nyingi hazichagui. Kiwavi aliyejichimbia ndani ya moyo wa mhindi akifunikwa na kinyesi chake mara nyingi hupona, na nyigu anayetembea juu ya jani lililolowa hufa. Mkulima anayepulizia kila wiki hununua, bila kujua, kazi ambayo shamba lilikuwa likifanyiwa bure, tena anainunua kwa bei ya kila wiki.

Na bado wadudu wa huku hawakukaa kutazama. Ndani ya mwaka mmoja hadi miwili watafiti waliokusanya viwavijeshi katika mashamba ya Ethiopia walikuta nyigu mmoja wa Afrika ameshawageukia wageni. Jina lake Cotesia icipe, amepewa jina la kituo kile cha Nairobi, na katika baadhi ya maeneo alikuwa amewaingia viwavi kwa zaidi ya asilimia 30. Kisha mwaka 2019 ikatangazwa habari nyingine. Nyigu mdogo kabisa, Telenomus remus, mwenye urefu wa nusu milimita na anayeshambulia mayai badala ya viwavi, alikuwa ameshakutwa Benin, Kodivaa, Niger, Kenya na Afrika Kusini. Asili yake ni upande wa kusini-mashariki wa Asia, na miaka ya nyuma alipelekwa Amerika kwa makusudi. Huku Afrika hakuna aliyemwagiza. Wataalamu walikuwa bado wanajadili kama inafaa kumleta, kumbe yuko shambani anataga mayai.

Huyu ana ubora wake. Nyigu wengine wa mayai, kama wale wa jamii ya Trichogramma, hufika fungu la mayai la kiwavijeshi wakaishia tabaka la juu, manyoya yanawazuia. Telenomus hujipenyeza mpaka chini. Yai aliloingia hugeuka jeusi, na siku ya kuanguliwa hatoki kiwavi.

Jamii ya Trichogramma, hata hivyo, ndiyo yenye soko kubwa duniani. Ufaransa hutumia nyigu hao katika zaidi ya hekta 100,000 za mahindi dhidi ya bungua wa Ulaya, wakiwa ndani ya vidonge vya karatasi vinavyoning'inizwa shambani au kudondoshwa na droni. Mkoa wa Jilin nchini China huwafuga ndani ya mayai makubwa ya nondo wa hariri wa mwaloni, yai moja hutoa nyigu kwa makumi, na serikali ya mkoa hugharimia kuwasambaza kwa wakulima. Nyigu wa namna hiyo huachiliwa upya kila msimu, kwa hiyo yupo wa kuwauza na yupo wa kuwanunua. Yule wa Pwani aliachiliwa mara moja, akajitegemea. Hakuna duka linalomuuza, hakuna lebo yenye picha yake, na hakuna tangazo lake redioni katikati ya kipindi kama hiki. Bwana shamba akifika kijijini hubeba vipeperushi vya dawa kwa sababu ndivyo alivyopewa.

Anayetaka kujua kama nyigu wa bungua wapo shambani kwake hahitaji darubini. Atafute bua lenye tundu, alipasue taratibu. Akikuta kichungu cha vifuko vyeupe, akikate pamoja na kipande cha bua, akiweke ndani ya chupa ya glasi, na mdomoni afunge kitambaa chepesi kwa uzi. Chupa iwekwe kivulini, mbali na sisimizi. Ndani ya wiki moja wadudu weusi wadogo sana wataanza kutembea upande wa ndani wa kioo. Hapo aende nayo shambani asubuhi, umande ukiwa bado haujakauka, akifungue kitambaa, ailaze chupa chini ya mhindi wenye majani yaliyotobolewa.